Mwili wa Arobaini

Kitu cha kwanza nilichokiona Jumatatu ile ni sisimizi waliogeuka kurudi.

Walikuwa wametoka kwenye ufa wa ukuta nyuma ya maabara, mstari mmoja kama kawaida yao, wakaenda hadi kwenye pande la nyama lililotupwa karibu na karo la maji machafu. Wa mbele akaligusa kwa vipapasio vyake. Akasimama. Akazunguka, akagusa tena, kisha akageuka. Akakutana na wenzake njiani, wakagusana vichwa, na mstari mzima ukarudi ulikotoka.

Nyama yenyewe si nyama. Ni kitu ninachokipika mimi: maji, sukari, chumvi na unga wa mwani wa kugandisha. Ninakoroga kwenye sufuria kubwa mpaka uji uwe mzito, ninaumimina kwenye kalibu yenye umbo la kifua cha mtu, ninauacha ugande. Ukitoka ni kifua kweli, chenye mabega na shingo, kinatikisika ukikigusa. Kwenye maabara tunakiita mwili. Mimi wananiita mpishi wa watu, ingawa kwenye karatasi ya ajira nimeandikwa mfanya usafi.

Kwa miaka miwili sisimizi wamekula kila mwili niliotupa pale. Mwaka wa kwanza hawakuwa wakija. Nilidhani habari ilikuwa haijawafikia.

Kwa hiyo niliposimama na ndoo yangu, nikiwatazama wakirudi, niliuliza moyoni: huu mwili kaupika nani? Kwa maana mimi mara ya mwisho nilipika Alhamisi, na ule wa Alhamisi ulikwisha kuliwa, limebaki bega tu.

Niliingia ndani. Sufuria lilikuwa safi, limekaa rafuni, mdomo juu. Mimi naliweka mdomo chini, lisiingie vumbi. Mwiko ulikuwa umelala kwenye sinki. Kiroba cha sukari kilikuwa kimefungwa fundo la mwanamume, lile la kukaza mara mbili ambalo linakuvunja kucha.

Nikatoka tena nje. Hakuna aliyenitazama. Nikakata kipande kidogo cha ule mwili kwa ukucha nikakiweka ulimini.

Chumvi. Chumvi kali, inayofanya ulimi ujikunje, kama ile miili ya mwanzo kabla sijaujua upishi.

Nikatema. Nikajiambia: kuna mtu anaiharibu kazi ya Profesa.

*

Mlango wa maabara una funguo tatu. Mmoja ni wangu, kwa sababu ninafungua asubuhi. Mmoja wa Profesa Mwaisumo, na wote tulijua kwamba Profesa yuko Dodoma tangu Ijumaa kwenye maandalizi ya kuagwa kwake anapostaafu. Wa tatu ni wa Mhandisi Ambakisye.

Nilikuwa ninafuta kabati la kioo alipoingia, amebeba mwavuli unaochuruzika maji. Mbeya mwezi wa tatu mvua haiulizi saa.

"Mpishi wa watu! Leo unatupikia nani? Mnene au mwembamba?"

Nikatabasamu chini, kama kawaida yangu. Mimi si msemaji. Niliacha shule darasa la tano, na kwenye jumba ambalo kila mtu ana herufi mbele ya jina lake, nimejifunza kwamba kimya kinanisitiri vizuri zaidi ya kanga.

"Haya, usijibu. Siku moja utasema neno hapa, tutapiga vigelegele."

Akaketi mezani kwake, akatoa karatasi, akaanza kuandika. Nilipokaribia na kitambaa akaifunika kwa kiganja. Nikafuta upande mwingine wa meza. Akavuta droo, akaitia karatasi humo, akafunga kwa ufunguo, kisha akapiga mluzi.

Mtu asiye na jambo hafungi droo.

Nikarudi kwenye kabati. Kabati lile ndilo maisha ya Profesa, na mimi nimeyajua kwa kuyapangusa. Rafu ya juu kabisa kuna redio ya mbao aliyoitengeneza alipokuwa fundi kijana wa hospitali ya misheni, ili zahanati za milimani ziweze kumwita daktari barabara zikikatika. Chini yake kuna kifaa cha sikio, cha kwanza kisicho na waya, alichowatengenezea wanafunzi viziwi. Kisha kuna soksi ya kichanga yenye kijiduara ndani, inayohesabu pumzi na kupeleka hesabu kwa muuguzi chumba cha pili. Alipata uprofesa kwa hiyo soksi. Rafu ya chini ni ya vifaa vya moyo: kwanza boksi kama la kiberiti, kisha kitu kama haragwe, na mwisho, juu ya kipande cha mahameli, punje.

Punje haizidi mchele wa Kyela kwa ukubwa. Inawekwa ndani ya kifua, inausikiliza moyo, na moyo ukichelewa inausukuma. Haina betri. Umeme wake inaupata kwenye mkanda ambao mgonjwa anauvaa kifuani. Mkanda unatoa mawimbi ya redio, mawimbi yanapenya nyama, punje inayanywa. Tatizo liko hapo kwenye kupenya, kwa kuwa nyama ya mtu nayo inakunywa mawimbi kabla hayajafika. Ndiyo maana wanahitaji mwili wa kujaribia, na ndiyo maana wananihitaji mimi.

Miili thelathini na tisa ilishindwa. Punje ilikaa ndani yake kimya kama jiwe. Mwili wa arobaini, mbele ya wageni wa wizara, Ambakisye akiwa ameleta antena mpya aliyoikunja kama jongoo, punje iliwaka. Watu walikumbatiana. Ambakisye alipandishwa cheo. Mimi nilipewa kitenge, na Profesa akasema mbele ya wote, "Na mkono wa Tumpe tusiusahau." Muhuri wa wizara wa kuiruhusu punje ukatoka. Sasa kuna watu elfu sita wenye punje, kuanzia kwetu huku kwenye baridi hadi kule chini ziwani, na kila wilaya ina mnara wa moyo unaopokea habari zao.

Na Alhamisi ya wiki ile ilikuwa zamu ya mama yangu.

*

Mama alikwishapewa mkanda mapema, ili auzoee. Jioni ile nilimkuta ameuvaa juu ya sweta.

"Unavaliwa ndani, Mama."

"Ndani nitavaa Alhamisi. Leo nataka majirani wauone." Akajigeuza polepole, mkono ukutani. "Nitakuwa redio sasa. Uniwekee taarifa ya habari."

Alicheka, kisha akakaa ghafla, kwa sababu kicheko kilimmaliza pumzi. Moyo wake ulikuwa unapiga mara thelathini na nne kwa dakika. Nilihesabu kila jioni, kidole kwenye kifundo cha mkono wake. Mwezi ule alikuwa ameanguka mara tatu. Mara ya mwisho karibu na jiko, na alama ya moto ilikuwa bado haijapona kwenye kiwiko. Daktari alikuwa ametuambia bila kuzungusha: asipowekewa punje mwezi huu, sijui kama atauona mwezi ujao. Foleni ilikuwa ya miezi saba. Ukiikosa zamu yako, unarudi nyuma kabisa.

"Tumpe, mbona umenuna?"

"Sijanuna."

"Umenuna. Ukinuna unahesabu polepole, unaniongezea ugonjwa."

Sikumwambia kuhusu sisimizi.

*

Jumanne, kabla ya saa nne, alikuja mwanamke mmoja kutoka Kyela. Alikuwa amevaa nguo nyeusi na miguu yake ilikuwa imevimba kwa safari. Mikononi alishika furushi la kanga.

"Mwanangu, hapa ndipo wanapotengeneza mikanda?"

Nikatikisa kichwa kukubali, nikamletea kiti. Alikataa kiti. Alifungua furushi juu ya meza ya Ambakisye. Ndani ulikuwamo mkanda, umekunjwa vizuri, bado una alama ya jasho jeupe kwenye kingo.

"Naitwa Mama Gwantwa," alisema. "Huu ni wa mume wangu. Nimewaletea."

Ambakisye alisimama. "Pole sana, mama. Pole. Lakini mikanda inarudishwa kwenye ofisi ya mnara, si hapa."

"Ofisi ya mnara nimetoka. Wameniandikia hivi." Akatoa karatasi kifuani. "Nisomee, kijana, kwa sauti, na huyu binti asikie."

Ambakisye aliisoma kimoyomoyo kwanza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Punje ilinyamaza saa nane mchana. Sababu: mkanda ulivuliwa."

"Haukuvuliwa."

"Mama, mnara ndio unao..."

"Mnara ulikuwepo shambani? Mimi nilikuwepo. Tulikuwa tunapalilia mpunga, jua kama pasi. Jasho linamtiririka. Akasema, mama Gwantwa, naona giza. Nikamshika hapa." Alijishika kifuani kwa mikono miwili. "Niliushika mkanda huu kwa vidole vyangu, nikaukaza. Ulikuwa unawaka taa ya kijani. Taa ya kijani, kijana! Akafa mikononi mwangu taa inawaka."

Akaunyoosha mkanda mezani kwa kiganja.

"Sasa ndugu zake wanasema nilimvua. Wanasema nilikuwa na mtu. Wamenitoa nyumbani, watoto wamebaki kule. Sitaki fidia. Nataka mtu mmoja wa hapa aandike kwamba mkanda haukutoka kifuani kwa mume wangu. Nikiipata hiyo karatasi, nitawarudia wanangu."

Ambakisye alijifuta uso. "Mama, mimi siwezi kuandika kitu nisichokiona."

"Basi aliyeandika hii alikiona?"

Nilimtazama Ambakisye. Shingo yake ilikuwa inacheza. Nikasema moyoni, unaona, anajua kitu. Ni yeye aliyefunga droo. Pengine kuna kampuni imemnunua, anachezea mitambo ili Profesa aondoke na aibu. Nilikuwa tayari kumfikiria lolote, yeye aliyenifundisha kusoma mizani ya gramu, kidole kwa kidole, bila kunicheka.

Mlango wa ofisi ya ndani ukafunguka.

Profesa Mwaisumo alitoka. Hakuwa Dodoma. Alikuwa amevaa sweta lake la kahawia, macho mekundu, na kwenye mkono wa sweta palikuwa na doa jeupe la uji ulioganda.

"Mama," alisema, akaupokea mkanda kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. "Nipe mpaka kesho. Chuo kina nyumba ya wageni. Lala hapa. Kesho nitakujibu ndiyo au hapana."

"Ndaga," alishukuru Mama Gwantwa kwa Kinyakyusa, na ndipo akakubali kiti.

*

Alipokwisha kupelekwa nyumba ya wageni, Profesa alituita ofisini, mimi na Ambakisye. Alifunga mlango. Kwenye meza palikuwa na mwili, si wangu. Bega moja lilikuwa limepinda, na juu palikuwa na mapovu.

"Nimekuwa hapa tangu Jumamosi," alisema. "Sikwenda popote. Nimeupika huu kwa mkono wangu, na mwingine kabla yake, nikautupa nje. Nimefuata karatasi gramu kwa gramu." Akauweka mkanda wa mume wa Mama Gwantwa juu ya kifua kile, akabonyeza. Taa ya kijani ikawaka. Kwenye kioo cha mashine, mstari wa punje ukabaki umelala. "Mkanda mzima. Punje nzima. Na punje haipati kitu."

"Profesa, huenda mapovu..." alisema Ambakisye.

"Huenda. Mimi si mpishi. Kwa hiyo kuna mambo mawili. La kwanza: nimeharibu upishi, punje ni nzima, na yule mama, Mungu amsamehe, anadanganya. La pili." Akamtazama Ambakisye kwa muda mrefu. "La pili ni kwamba tangu siku ile ya mwili wa arobaini mtu amekuwa akigusa mashine ili mstari upande."

"Mtu gani?"

"Mashine alikuwa ameishika nani, Ambakisye?"

Mvua ilikuwa inagonga bati.

"Profesa. Mimi nimekuwa mwanafunzi wako miaka tisa."

"Ndiyo maana ninauliza mbele yako na si nyuma yako. Umefunga nini kwenye droo?"

Ambakisye alitoka bila kusema, akarudi na karatasi, akaitupa mezani. Ilikuwa imejaa mistari iliyokatwakatwa. Profesa akavaa miwani.

"Ni utenzi," alisema Ambakisye. "Wa kukuaga. Sijamaliza vina."

Ningecheka siku nyingine. Profesa alisoma ubeti mmoja, akaikunja karatasi, akaiweka mfukoni. Hakumwomba radhi. Alinigeukia mimi.

"Tumpe, siku ile ulikuwepo. Ulimwona akigusa mashine?"

"Sikuona," nilisema. Ilikuwa kweli.

"Basi kesho asubuhi wewe utapika. Kwa mkono ule ule. Mwili ukipita, kosa ni langu la upishi, na wagonjwa wa Alhamisi wanaendelea. Usipopita, nasimamisha kila kitu nchi nzima kesho hiyo hiyo, nitawatangazia wote wenye punje, na nitaandika kwamba jaribio la arobaini lilighushiwa." Hakumtazama tena Ambakisye. "Na jina nitaliandika."

*

Jumatano niliwasha jiko saa kumi na mbili na nusu. Nilipima sukari, kilo kumi na mbili. Nilipima maji. Profesa alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, karatasi ya vipimo magotini, na Ambakisye alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

Sukari ilipoyeyuka nikafika kwenye chumvi. Karatasi inasema gramu mia tano. Niliweka bakuli juu ya mizani, nikamimina, namba zikapanda, zikasimama kwenye mia tano.

Hapo mkono wangu ulisita, kwa sababu kwa miaka miwili haukuwahi kuzimimina zote.

Siku ya mwili wa arobaini walikuwa wanakuja wageni. Ambakisye alinipitia jikoni akaniambia, "Tumpe, mwili mzuri leo, usituaibishe." Na mimi nimelelewa jikoni kwa bibi. Kwetu mgeni akija, chakula hakitoki bila kuonjwa. Chumvi ikizidi, aibu ni ya mpishi, hata angekuwa amepewa kipimo na mwingine. Nilitia ile chumvi, nikachovya mwiko, nikaonja. Ulimi ukajikunja. Nikasema, hawa wasomi wamekosea. Mtu hana chumvi hivi. Mimi nimeonja jasho langu, nimeonja machozi yangu, ninajua mtu ana chumvi kiasi gani. Nikamwaga sufuria lile, nikaanza upya, nikatia nusu. Nikaonja. Ikawa kama machozi. Nikaridhika.

Mwili ukapita. Niliamini kwamba nimewasaidia. Niliona haya kusema, kwa kuwa ingeonekana mfanya usafi anawasahihisha maprofesa, lakini moyoni nilijivuna kidogo. Kifaa cha kupima kama mwili umepikwa sawa kilikuwa kimeharibika mwaka ule, kikapelekwa ng'ambo, hakikurudi. Tangu hapo kila mtu aliamini karatasi. Na tangu hapo miili yote niliipika kama machozi, na sisimizi wakaanza kuja.

Sasa nilishika bakuli. Nikamimina nusu. Nikasimama.

Nikiacha hapa, niliwaza, mstari utapanda. Ambakisye atapona. Mama ataingia chumba cha upasuaji kesho saa mbili. Na huenda mimi ndiye niliye sahihi, na karatasi ndiyo iliyokosea; ulimi wangu haujanidanganya hata siku moja.

Profesa alikohoa dirishani. Nafikiri alisema tu ili kujaza kimya, maana hakuwa akinitazama.

"Unajua, Tumpe, watu wakiona chumvi ile wanashangaa. Waziri mmoja aliniuliza, mtu ana chumvi kiasi hicho? Nikamwambia hana. Lakini mtu hana pia kilo kumi na mbili za sukari. Tunatia sukari ili maji yawe mazito kwa mawimbi kama nyama ilivyo, na sukari hiyo inaibana chumvi, inaizuia kutembea. Kwa hiyo tunaizidisha mpaka mawimbi yaone yanachokiona kwenye mtu. Ulimi hauwezi kulijua hilo. Mawimbi hayana ulimi."

Akacheka kidogo, peke yake.

Uji ulikuwa unachemka, unapasua viputo vizito. Niliyasikia maneno yake yakishuka ndani yangu moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi gizani na kukuta ngazi haziishi.

Miili thelathini na tisa ilikuwa inasema kweli. Wa arobaini ulisema uongo kwa mdomo wangu. Mawimbi yaliupita ule mwili kwa sababu nilipunguza chumvi nikayafungulia njia, na kwetu kwenye baridi, kwa watu wembamba wa ngozi kavu, punje inapata kidogo inayoitosha. Kule chini, kwenye jasho la chumvi na jua, haipati. Mume wa Mama Gwantwa alikufa taa inawaka.

Na mama yangu, je? Alikuwa mwembamba. Alikaa kwenye baridi. Kwake ingefanya kazi, karibu siku zote. Mpaka siku ya homa. Mpaka siku atakapotoka jasho usiku mmoja, na mnara uandike kwamba mkanda ulivuliwa, na mtu wa kulaumiwa ndani ya nyumba ni mmoja tu.

Nikatazama bakuli. Nikimimina nusu iliyobaki na kunyamaza, mwili hautapita, yule mama atapata karatasi yake, na Ambakisye ataandikwa mghushi. Nikiiacha, Ambakisye atapona na yule mama atarudi Kyela bila watoto. Hakukuwa na kipimo cha chumvi ambacho kingewaokoa wote wawili. Nilikitafuta. Wallahi nilikitafuta, nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi.

"Tumpe, unaunguza," alisema Ambakisye kutoka mlangoni. Hakusema kwa hasira. Alisema kama siku zote, kama mtu ambaye hajui kwamba juzi na jana nilikuwa nimemfunga na kumhukumu kwa sababu ya utenzi.

Nikazima moto. Nikaweka mwiko chini.

"Vipi?" Profesa aliinua kichwa. "Kuna nini?"

Akilini nilimwona Mama na mkanda juu ya sweta. Foleni ya miezi saba. Mapigo thelathini na manne. Nilikiona kitenge kile nilichopewa, ambacho nilimshonea yeye. Mikono yangu ilikuwa inanata sukari na sikujua niiweke wapi.

"Sema, mwanangu."

Nilianza kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Ambakisye akasogea hatua mbili ndani. Nikaanza tena.

"Profesa, usimwandike Ambakisye. Hakugusa mashine. Mwili wa arobaini niliutia nusu ya chumvi. Niliuonja nikaona imezidi, nikaipunguza mimi, na miili yote baada ya ule nimeipunguza mimi. Simamisha Alhamisi. Mama yangu yumo kwenye hiyo Alhamisi, simamisha tu. Na yule mama mpe karatasi yake. Mume wake alikuwa amevaa mkanda."